Damu nzito kuliko maji haijakatwa popote

Hapa Dodoma kwenye vikao vya michango, hata vijiweni Sabasaba, mtu akibanwa amchangie kaka yake anajibu eti ule msemo wa Kiingereza ulikatwa, kamili ni damu ya agano nzito kuliko maji ya tumbo la mama, yaani rafiki anazidi ndugu. Sio kweli jamani. Mwandishi wa Uskoti Walter Scott kautumia kwenye riwaya yake ya 1815 na maana ni undugu tu. Hiyo ya agano ni ya juzijuzi, imevuma miaka ya 1990 kuja huku. Ya zamani inayofanana nayo ni ya Trumbull, Mmarekani, aliandika 1885 kwamba kwa Waarabu, watu waliochanjiana damu wanawazidi walionyonya ziwa moja, ila hapo ni damu na maziwa, maji hayamo, nadhani ndo watu walipochanganya. Kwa hiyo kaka achangiwe tu.