Saratani ya titi kwa wanaume: jeni inayopitia kwa baba

Mwanamme naye ana titi la kuugua?
Analo, dogo tu, nyuma ya chuchu. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mwanamme ni kama mmoja. Uchache huo ndio unaomponza: uvimbe anauchua kwa mafuta ya nazi, akifika hospitali umeshaingia kwapani.

Jeni zinahusika vipi?
Kubwa ni BRCA2. Protini yake husaidia kuunga vinasaba vilivyokatika. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Aliyerithi moja mbovu huishi kwa ile nzima. Nayo ikiharibika ndani ya seli ya titi, mikato haiungwi sawasawa na makosa hurundikana. Kati ya wanaume 100 wenye hitilafu hiyo, kama 7 huugua titi wakifikia uzee. Kwa wanaume wote kwa jumla ni kama mmoja katika 1,000. Kwa jeni nyingine, BRCA1, ni karibu mmoja katika 100. BRCA2 huongeza pia saratani ya tezi dume, tena hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Aliyeugua ni shangazi yangu. Inanihusu?
Sana. Watu huhesabu upande wa mama tu. Baba yako anaweza kuwa na jeni hiyo mbovu, asiugue, akakurithisha. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, kuirithi ni nusu kwa nusu. Mpelekee daktari orodha: nani, saratani gani, akiwa na umri gani. Saratani za ovari na kongosho nazo zimo.

Uvimbe wa hatari ukoje?
Mara nyingi ni mgumu kama kete ya bao, hauumi, uko upande mmoja karibu na chuchu. Chuchu huweza kuzama, au doa la damu likaonekana kwenye kanzu. Matiti yaliyojaa pande zote mbili aghlabu ni homoni au dawa, lakini yapimwe. Mwenye hitilafu ajipapase kila mwezi kuanzia miaka 35, akishakoga, kwa matumbo ya vidole vitatu mpaka kwapani. Daktari amkague kila mwaka.

Kipimo cha jeni kikoje?
Ni damu au mate. Aanze aliyeugua: hitilafu ikipatikana kwake, jamaa hutafutiwa hiyo hiyo. Akianza mzima, jibu safi halisemi kama ukoo hauna au yeye tu hakurithi. Lipo na jibu la tatu, badiliko lisilojulikana maana yake, na kwetu Waafrika huja zaidi kwa kuwa waliopimwa ni wachache. Asikatwe mtu titi kwa hilo.

Mwenye uvimbe asingoje jeni. Aanzie hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Abdalla Mzee kwa walioko Pemba, aulizie kutolewa kinyama cha uvimbe kwa sindano, kikapimwe.