CRP ikishuka, si lazima huzuni ishuke nayo

"Damu yako iko safi, sasa unalia nini?" Wagonjwa wa baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo, huambiwa hivyo, na maneno hayo yanaumiza. CRP ni protini inayotolewa na ini uvimbe unapowaka mwilini. ESR, kipimo kingine cha damu cha kuonyesha uvimbe, hupima kasi ya chembe nyekundu kutuama kwenye mrija. Hakuna hata kimoja kinachopima sonona wala wasiwasi.

Uhusiano upo, tusiukane. Kemikali ya IL-6, inayoliamuru ini litoe CRP, hugusa pia ubongo: usingizi, nguvu, hamu ya kula. Lakini mama aliyeamka vidole vimekakamaa, akashindwa kumfungia mwanawe vifungo vya shati la shule, ana sababu nyingine za kuzama, hata CRP ikiwa chini.

Tena DAS28, kipimo cha ukali wa baridi yabisi, hujumlisha hali ya viungo 28, majibu ya damu, na jinsi mgonjwa mwenyewe anavyojisikia. Sonona inaweza kukipandisha bila uvimbe kuongezeka, mgonjwa akaongezewa dawa za viungo huku moyo haujaguswa. Dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, maswali 9 tu, lipo kwa Kiswahili. Ombeni muulizwe siku hiyohiyo mnayotolewa damu.