Beringi na tairi za tela la safari: chunga joto

Beringi ya gari ikianza kuchoka, dereva anajua. Usukani unatetema, sakafu inanguruma, abiria wa mbele anauliza kuna nini. Beringi ya tela ikichoka, kelele yake inabaki huko nyuma ndani ya vumbi na wewe umefunga vioo. Mara nyingi anayekupa habari ni dereva wa gari la nyuma, anayekuwashia taa kwamba gurudumu lako linatoa moshi.

Kazi yangu ni matela, hapa Arusha: yale ya kampuni za utalii yanayobeba mahema, jiko na maji kuelekea Serengeti, na yale madogo yenye hema juu ambayo familia huyavuta wakati wa likizo. Wateja wengi wakifika wanataka tuzungumzie friji na sola. Mimi huomba kwanza jeki.

Tela ni chombo cha kukaa. Mvua za masika zikianza na wageni wakipungua, linasukumwa uani na kusahauliwa mpaka Juni. Unyevu unaingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, grisi iliyozeeka inashuka chini kwa uzito wake, na rola, vile vyuma vinavyoviringika ndani ya beringi, zikibaki wazi zinashika kutu pale zinapogusana na bakuli, yaani pete ya chuma zinamozungukia. Ukifungua beringi ya namna hiyo utaona mistari myeusi iliyopangana, kila mmoja umbali sawa na mwenzake. Kila mstari ni mahali rola moja ilipolala miezi yote ile. Hapo hakuna cha kusafisha. Badilisha rola na bakuli pamoja, kwa sababu vimeshalika kwa kufuatana, na kimoja kipya juu ya kizee hakidumu.

Ndiyo maana siamini kilomita peke yake. Watengenezaji wa ekseli kama Dexter wa Marekani wanasema fungua kila miezi 12 au maili 12,000, yaani kama kilomita 19,000, kitakachotangulia. Kwa njia zetu miezi ndiyo hutangulia. Na tela likivuka mto hadi maji yakafika kwenye habu, usisubiri miezi wala maili. Habu inafika mtoni ikiwa ya moto; maji ya baridi yanaipoza ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, mpira unaoziba habu. Anayetoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron wakati vijito vimejaa afungue akirudi, hata kama tela linaenda vizuri.

Kufungua kwenyewe hakuhitaji karakana kubwa, kunahitaji usafi. Zuia magurudumu kwa mawe, inua kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli. Osha beringi kwa dizeli au mafuta ya taa, ikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Tafadhali usiizungushe kwa upepo wa kompresa ili usikie inavyolia. Inaumia ikiwa kavu, na rola inaweza kuchomoka ikakupiga. Kisha itazame kwenye mwanga wa jua. Rangi ya bluu au kahawia inasema imeungua. Vishimo vinasema imekwisha.

Grisi ibonyeze kwa kiganja kutoka upande mpana mpaka itokeze upande wa pili kati ya rola. Ukiipaka juu juu tu, ndani kunabaki kukavu. Habu nayo usiijaze pomoni, maana grisi ikizidi inajikoroga na kuzalisha joto lilelile unalolikimbia. Na usichanganye aina mbili za grisi kwa kuwa rangi zinafanana. Rangi ni ya kiwandani tu, haikwambii ndani kuna nini. Kama hujui iliyokuwemo, osha yote uanze upya. Sili weka mpya kila unapofungua. Ni mpira wa bei ndogo unaolinda kila kitu kilichomo.

Sehemu inayoharibu beringi nyingi nzuri ni kukaza nati ya katikati ya habu. Beringi hizi zina rola zilizochongoka upande mmoja. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, alizisajili mwaka 1898 ili gurudumu libebe uzito wa juu na msukumo wa pembeni wa kwenye kona kwa wakati mmoja. Umbo hilo ndilo linaloleta hatari: ukikaza sana, rola zinajikaba zenyewe. Kaza nati huku unazungusha gurudumu, mpaka lianze kuwa zito, ili kila kitu kikae mahali pake. Kisha ilegeze kabisa. Kisha irudishe kwa vidole tu, bila spana, hadi tundu la pini lilingane, na uweke pini mpya. Ukishika tairi juu na chini ukalitikisa, uusikie mchezo mdogo mno, wa chini ya robo milimita. Fundi anayekaza kwa nguvu zake zote anadhani anakupa usalama, kumbe anaiunguza beringi.

Tairi ni ndugu wa beringi katika hili, maana nalo hufa kwa joto. Upepo ukipungua, kuta zinajikunja kila mzunguko na mpira unachemka kutoka ndani. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, na usipunguze upepo mchana kwa sababu geji imepanda. Kupanda huko ni kawaida ya safari. Angalia pia namba ya uzito ubavuni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kilo 1,400. Halafu pima tela likiwa limejaa, kwa sababu lita 100 za maji ni kilo 100 na hakuna anayezikumbuka.

Tairi la tela huzeeka kabla ya kuisha. Mteja ananionyesha kashata, yaani meno ya tairi, zilizosimama vizuri na kuniambia bado jipya. Mimi natafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zimechapwa ubavu mmoja tu, na ukiwa wa ndani ingia chini na tochi. Baada ya miaka mitano nalikagua kama lina nyufa, na likifika sita nalitoa hata kama linang'aa, kwa sababu jua limeshakula mpira. Likipasuka kwa kasi, vipande vyake vinang'oa nyaya za taa, mabomba ya maji na hata sakafu.

Njiani shika habu. Kila unaposimama, gusa moja moja kwa nyuma ya kiganja. Ukitoka kuteremka mlima, tela lenye breki linakuwa na joto pande zote mbili, na hilo ni la breki. Upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine vuguvugu, hilo ni la beringi au breki iliyong'ang'ania, usiondoke mpaka ujue. Nati za gurudumu lililotolewa zikaze tena baada ya kilomita 15, 40 na 80.

Sandukuni weka habu moja kamili, beringi zake zimeshapakwa grisi, ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na sili na pini. Kwa ekseli nyingi za Kimarekani za paundi 3,500, beringi ya ndani ni L68149 na ya nje L44649. Tela lililoundwa hapa kwa habu za gari lina namba zake. Ziandike kwa rangi ndani ya mfuniko wa sanduku sasa hivi, maana beringi ikishaungua namba yake mara nyingi haisomeki, na duka la spea halitakuuliza kitu kingine.