Mashine za kufulia za mkono: yanayosimuliwa na yaliyokuwa

Historia ya mashine ya kufulia husimuliwa kwa mkato: zamani watu walifua kwa mikono, akatokea bwana mmoja mwenye akili, ukaja umeme, mambo yakaisha. Kinachorukwa hapo ni zaidi ya karne moja ya mapipa ya mbao, gia za chuma, springi na rola za mpira. Dhana potofu nyingi zimejificha katika mruko huo, nyingine hata kwenye kurasa zinazojiita za historia.

“Mashine ya kufulia ilibuniwa na fulani”

Huyo fulani hubadilika kulingana na unayemuuliza. Mjerumani atakutajia Jacob Christian Schäffer, mchungaji wa Regensburg aliyesifika kwa vitabu vyake vya uyoga na wadudu, ambaye mwaka 1767 alichapisha maelezo ya mashine yake ya kufulia. Mwingereza atamtetea Henry Sidgier, aliyepata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, mwaka 1782. Mmarekani ana wawili wa kuchagua: Nathaniel Briggs wa New Hampshire, mwenye hataza ya 1797, au William Blackstone wa Bluffton, Indiana, ambaye husimuliwa kwamba mwaka 1874 alimwundia mkewe mashine kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. (Zawadi ambayo ndani yake mna kufua: mjadala wa siku nyingine.)

Hadithi ya Blackstone ni tamu, ndiyo maana haifi. Lakini Hamilton Smith wa Pittsburgh alikwisha kusajili mashine yake ya kuzungusha mwaka 1858, miaka 16 kabla. Na wote hao walitanguliwa. Huko Uingereza, hataza ya John Tyzacke ya mwaka 1691 ilitaja kufua nguo miongoni mwa kazi nyingi za mtambo wake, na Januari 1752 jarida la The Gentleman's Magazine la London lilichapisha mchoro wa mashine ya kufulia.

Kisa cha Briggs ndicho kinachonifurahisha zaidi. Utasoma mahali pengi kwamba mwaka 1797 alibuni ubao wa kufulia, ule wenye matuta. Hakuna awezaye kuthibitisha. Desemba 1836 ofisi ya hataza mjini Washington iliteketea kwa moto, na maelezo ya kazi ya Briggs yakaenda na moto huo. Limebaki jina, mwaka, na kwamba ilihusu kufua nguo. Ubao wenye bati la matuta unahusishwa na hataza ya mtu mwingine kabisa, Stephen Rust, ya mwaka 1833. Tovuti moja ilikisia, nyingine zikanakili.

“Nguo hutakata kwa kusuguliwa”

Wabunifu wengi wa mwanzo waliamini hivyo, wakajitahidi kuiga mikono ya mfuaji. Walitengeneza masanduku ya kubembeza yenye sakafu ya matuta, na mbao mbili zenye mifereji zilizoteleza moja juu ya nyingine, nguo zikiwa katikati. Zilifua, hilo halina ubishi. Zilivunja pia vifungo, na shuka ikaisha kabla ya wakati wake.

Kinachotoa uchafu ni maji yenye sabuni yanayopenya katikati ya nyuzi, yakiingia na kutoka. Kusugua ni njia mojawapo tu ya kuyalazimisha yapite. Mwaka 1959 Herbert Sinner, mkemia wa kampuni ya Henkel ya Ujerumani, aliliweka jambo hili katika mambo manne: kemikali, joto, muda na nguvu ya mwendo. Ukipunguza moja, sharti uongeze jingine. Ndiyo maana anayefua kwa maji baridi husugua sana, na aliyeloweka nguo tangu jana husugua kidogo.

Wafuaji wa Ulaya walilijua hilo kwa mikono yao muda mrefu kabla ya Sinner kuzaliwa. Walikuwa na kifaa cha mbao kilichofanana na kigoda kilichochomekwa fimbo ndefu katikati: miguu inazama kwenye pipa la nguo, mfuaji anashika fimbo kwa juu na kuizungusha huku na huku. Walikuwa pia na kengele ya shaba yenye matundu, nayo juu ya fimbo. Ukiisukuma chini, maji hubanwa na kupita kwenye nguo. Ukiivuta juu, hufyonzwa na kurudi. Hakuna kinachosuguana na chochote. Kifaa hiki cha pili hakionekani sana kwenye masimulizi, na kwa maoni yangu ndicho kilichokuwa na wazo bora kuliko mashine nyingi zilizosajiliwa kwa mbwembwe.

“Zilikuwa mapipa yenye mpini tu”

Hapa ndipo dharau inapozidi, na hapa ndipo palipo na ufundi wenyewe.

Zungusha nguo upande mmoja ndani ya beseni la maji uone kitakachotokea. Zitafuatana na maji, kisha zitajisokota na kuwa kamba moja nene. Zikishakuwa kamba, maji hayapenyi tena, unazungusha bonge. Kwa hiyo swali lililowasumbua mafundi karne nzima ya 19 halikuwa namna ya kuzungusha, bali namna ya kugeuza: kwenda, kusimama, kurudi, bila kumchosha mwenye mkono.

Sidgier alikuwa amelikwepa swali kwa kizimba cha fito za mbao kilichozunguka ndani ya pipa, mpini ukiwa nje, nguo zikipanda na kuanguka ndani ya kizimba. Mwaka 1851 James King wa Marekani alisajili silinda inayozunguka ndani ya chombo cha maji, mpango unaotambulika hata leo ukifungua mashine yenye mlango wa mbele. Smith naye, baada ya ile ya 1858, alirudi mwaka 1863 na mashine iliyoweza kugeuza mwendo.

Njia rahisi ya kugeuza ni kumwachia mtu: anashika mkono wa mashine, anausukuma kulia, anauvuta kushoto. Mashine nyingi za bei nafuu zilifanya hivyo. Tatizo ni kwamba kila kipigo kinaanza upya. Maji na nguo vina uzito, vikishapata mwendo havitaki kusimama, na anayevisimamisha ni bega la mfuaji. Baada ya nusu saa utatamani ubao.

Njia bora ilitoka kwenye kazi jirani, ya kunyoosha nguo. Katika nyumba kubwa za Ulaya kulikuwa na sanduku zito lililojazwa mawe, likibingirishwa mbele na nyuma juu ya magogo yaliyoviringishiwa mashuka. Anayelisukuma alilazimika kulisimamisha na kuligeuza kila lilipofika mwisho. Mafundi wakabuni gia kwa ajili yake: gurudumu lenye safu ya vijiti badala ya meno, na gia ndogo inayopita upande mmoja wa safu hiyo hadi mwisho, ikazunguka ncha, kisha ikarudi kwa upande wa pili. Mkono unazungushwa upande uleule bila kusita, mzigo unakwenda na kurudi wenyewe. Vitabu vya mafundi vya karne ya 19 viliichora gia hiyo kwa jina la mashine ya kunyooshea, na gia za kugeuza mwendo za jamii hiyo zikaenea kwenye mifuniko ya mapipa ya kufulia, juu ya kile kigoda ambacho sasa hakikuhitaji tena mtu wa kukizungusha huku na huku.

Kisha likaja gurudumu zito, lile ambalo fundi wa magari angeliita flaiwili. Likishachukua kasi hubeba mashine kupita sehemu ngumu, yaani pale gia inapogeuza, na mkono haupati mshtuko. Wengine walitumia springi. Kampuni ya 1900 Washer ya Binghamton, New York, iliuza mashine ambayo pipa lenyewe ndilo lililokwenda na kurudi: springi zilizo chini zilihifadhi nguvu ya msukumo mmoja na kuirudisha kwenye msukumo uliofuata. Beringi za gololi zilipopatikana kwa bei nafuu, matangazo ya mashine yakazitaja kwa herufi kubwa.

Kuna na mambo madogo ambayo hayakupata sifa. Gia zikifungwa kwenye kifuniko, kifuniko kikiinuliwa vinainuka vyote, na pipa linabaki wazi kutoa nguo. Pipa la mbao nalo halikupaswa kukauka kabisa: mbao zikikauka husinyaa na pipa huvuja, kwa hiyo wenye nyumba waliacha maji kidogo ndani kati ya siku moja ya kufua na nyingine.

“Kikamulio ni kikorombwezo tu”

Muulize yeyote aliyewahi kukamua blanketi la maji akiwa peke yake. Kukamua kulichosha mikono kuliko kufua, na nguo isiyokamuliwa vizuri haikauki katika baridi ya Ulaya au Marekani ya kaskazini. Mwaka 1843 John Turnbull wa Saint John, New Brunswick, huko Kanada, alisajili mashine ya kufulia yenye rola za kukamulia, na kuanzia hapo kikamulio kikawa mwenzi wa pipa.

Rola za kwanza zilikuwa za mbao, na mbao haikubali kubonyea. Mshono mnene ukiingia, rola huachana kote, na sehemu nyembamba hupita bila kubanwa. Vifungo navyo hupasuka. Mpira mbichi haungefaa, kwani hunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Charles Goodyear alipopata hataza yake mwaka 1844 ya kuupika mpira kwa salfa, rola ikapata ngozi inayobonyea na kurudi.

Likazuka tatizo jingine. Ukizungusha rola moja tu na kutegemea msuguano uizungushe ya pili, nguo nene ikiingia rola ya pili inakwama, nguo inaburutwa na mpira unachunika kutoka kwenye chuma chake. Suluhisho lilikuwa gia kwenye rola zote mbili. Lakini blanketi likiinua rola ya juu, meno ya gia huachana, na unarudi pale pale. Ndiyo sababu meno hayo yalifanywa marefu kuliko ya gia ya kawaida. Katika miaka ya 1860 wauzaji wa Marekani walizozana magazetini kuhusu nani ana gia na nani hana.

Ellen Eglin wa Washington, mwanamke mweusi aliyefanya kazi za nyumbani, alibuni kikamulio na kuiuza haki yake mwaka 1888 kwa dola 18. Alieleza baadaye kwamba alihofia wanunuzi weupe wangekikataa wakijua mbunifu ni mtu mweusi. Margaret Colvin wa Battle Creek, Michigan, yeye alionyesha mashine yake, Triumph Rotary Washer, katika maonyesho makubwa ya Philadelphia ya 1876. Kwa hiyo ile dhana kwamba wanaume walibuni na wanawake wakatumia tu nayo ina matobo.

Kikamulio kilikuwa na ubaya wake. Kilipofungwa mota hakikusikia kilio, na madaktari wa Marekani wakawa na jina maalumu la majeraha ya mikono iliyovutwa na rola. Kitasa cha kuziachanisha rola kwa dharura kilikuja kwa sababu hiyo.

“Umeme ndio ulioleta mashine ya kufulia”

Alva Fisher hutajwa kuwa baba wa mashine ya umeme, kwa ajili ya Thor iliyouzwa na Hurley Machine Company ya Chicago kuanzia 1908. Matangazo ya mashine za umeme yalikuwapo tangu 1904. Na ukiisoma hataza yake ya Agosti 1910 unakutana na swali lilelile la karne iliyopita: silinda inazunguka mara 8 upande mmoja, kisha inageuka, ili nguo zisijikusanye kuwa bonge. Mota ilichukua nafasi ya mkono. Akili ya mashine ilikwisha kupatikana.

Umeme wenyewe haukufika mashambani haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ni takriban nyumba 1 kati ya 10 za vijijini Marekani iliyokuwa nao. Kampuni ya Maytag ya Newton, Iowa, ilianza 1893 na vifaa vya kupuria nafaka, ikaingia kwenye mashine za kufulia mwaka 1907 kwa pipa la mbao la mkono, ili kiwanda kisilale msimu wa mavuno ukipita. Wakulima wasio na umeme ikawauzia, kuanzia miaka ya 1914 na 1915, mashine yenye injini ndogo ya petroli chini yake, bomba la moshi likitolewa nje. Mwaka 1922 ikatoa Gyrafoam, ambayo kisukuma maji chake kilihama kutoka kwenye kifuniko kikakaa chini ya pipa, kikiyarusha maji kupita kwenye nguo badala ya kuziburuta nguo kwenye maji. Ile kengele ya shaba ilikuwa imepata mrithi.

“Zilimaliza kazi ya kufua”

Ufuaji wa siku moja katika nyumba ya Marekani, yaani kufua, kuchemsha na kusuuza, ulitaka takriban lita 190 za maji. Hakuna gia iliyoyateka, kuyabeba wala kuyapasha moto. Mahali ambapo bomba lilikuwa bado halijafika, mashine iliondoa sehemu moja tu ya uchovu, na wenye kuuza hawakulisema hilo kwenye matangazo.

“Zimebaki makumbusho”

Mhandisi Mwingereza Navjot Sawhney aliunda mashine ya mkono aliyoiita Divya, jina la jirani yake wa kusini mwa India, na imepelekwa kwenye kambi za wakimbizi nchini Iraki. Ni silinda ndani ya chombo cha maji, mpini nje. Silinda ileile, ikizungushwa kwa kasi, hukamua.