Kuongeza uwezo wa virusi: yanayosemwa na yaliyopo

Tangu UVIKO-19 uingie, kila mtu ana lake kuhusu virusi "vilivyotengenezwa maabara". Ugomvi wenyewe, kuhusu utafiti wa kuongeza uwezo, yaani kubadilisha virusi maabara hadi vipate uwezo ambao havikuwa nao, ni wa zamani kuliko gonjwa hilo, na mengi yanayosambazwa ni nusu ya habari.

Dhana: Utafiti huu ni utengenezaji wa silaha uliopewa jina la heshima.

Jina ni pana mno. Mtafiti anayezoesha kirusi cha mafua kukua vizuri ndani ya yai la kuku ili chanjo ipatikane, naye amekiongezea uwezo, wala hakuna anayemgombeza. Kinachogombewa ni sehemu ndogo: majaribio yanayoweza kukifanya kimelea hatari kiambukize watu kwa wepesi zaidi, kiue zaidi au kikwepe kinga. Wanaochanganya mambo haya mawili wako pande zote. Wapo wanaotaka vyote vipigwe marufuku, na wapo wanasayansi wanaokimbilia mfano wa chanjo kila wakiulizwa swali gumu.

Dhana: Rotterdam kilizaliwa kirusi cha kuangamiza dunia.

Mwaka 2011 wanasayansi wawili, Ron Fouchier wa Rotterdam, Uholanzi, na Yoshihiro Kawaoka wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kila mmoja na timu yake, walionyesha kwamba kirusi cha mafua ya ndege, H5N1, kinaweza kubadilishwa hadi kikaenea kwa hewa kati ya feriti, wanyama wa jamii ya vicheche ambao huugua mafua karibu kama sisi. Feriti wa Fouchier walioambukizwa kwa hewa hawakufa. Hilo halikupata nafasi kwenye vichwa vya habari. Hata hivyo hofu haikuwa ya kipuuzi. Kati ya watu waliokuwa wamethibitishwa kuugua H5N1 hadi wakati huo, zaidi ya nusu walikufa. Bodi ya Marekani inayoshauri kuhusu usalama wa kibaolojia ilitaka maelezo ya kina yafichwe, kisha Machi 2012, baada ya kusoma maandiko yaliyorekebishwa, ikageuka na kukubali yachapishwe. Kwa andiko la Fouchier kura zilikuwa 12 dhidi ya 6. Wataalamu wenyewe, basi, hawakukubaliana.

Dhana: Maabara za kisasa hazivuji.

Kirusi cha SARS, ugonjwa hatari wa mapafu wa jamii ya korona, kiliwaambukiza watafiti Singapore na Taipei mwaka 2003, kisha Beijing mwaka 2004, ambako mama wa mtafiti mmoja alifariki. Na hapo hakuna aliyekuwa akikiongezea uwezo. Zilikuwa kazi za kawaida za maabara.

Dhana: Chanzo cha UVIKO-19 kimeshathibitishwa.

Bado, kwa upande wowote. Jopo la WHO lilisema hivyo Juni 2025, likilalamika kuwa China haijatoa taarifa ilizoombwa.

Dhana: Marekani iliupiga marufuku utafiti huu mwaka 2014.

Ilifunga mfuko tu. Baada ya wafanyakazi wa CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, huko Atlanta kuhofiwa kukutana na kimeta hai, na chupa za ndui kukutwa zimesahaulika kwenye chumba cha baridi huko Bethesda, serikali ilisitisha ufadhili mpya kwa majaribio ya aina hii kwenye virusi vya mafua, SARS na MERS, ugonjwa mwingine wa jamii ya korona. Desemba 2017 ikaufungua, ikaweka utaratibu wa Wizara ya Afya kupima miradi kabla ya kutoa fedha.

Kwangu mimi tundu lenyewe liko hapa, na halizungumzwi vya kutosha: usimamizi ulifuata pesa, haukufuata hatari. Mwaka 2022 watafiti wa Boston University walichukua kirusi cha awali cha korona wakakivisha protini ya nje ya Omikroni, aina ya korona iliyojitokeza baadaye. Magazeti yakashikilia kwamba asilimia 80 ya panya walioambukizwa kirusi hicho kipya walikufa, ilhali kirusi cha awali kiliwaua wote. Swali zito lilikuwa jingine: kwa nini taasisi ya serikali iliyofadhili sehemu ya kazi za maabara hiyo haikuarifiwa? Chuo kilijibu kwamba majaribio hayo yalilipiwa na chuo chenyewe.

Amri ya Rais Donald Trump wa Marekani ya 5 Mei 2025 kuhusu tafiti hizi nayo ilianza na fedha za serikali, ila iliagiza pia uandaliwe mkakati wa kudhibiti tafiti ambazo serikali kuu haizilipii.