Kwa nini kivinjari hakiioni huduma iliyo hai ndani ya klasta ya Kubernetes?

Umeunda klasta (kundi la mashine, ziitwazo nodi, zinazoendesha makontena) kwenye kompyuta yako kwa kutumia kind, zana inayoiendesha klasta ndani ya Docker, programu ya makontena. Podi (vifurushi vya kontena moja au zaidi) ziko hai, huduma inayozisimamia mbele imepewa anwani, tuseme 10.96.14.20. Unaiandika kwenye kivinjari, kinazunguka weee hadi muda unakwisha. Kulikoni?

Anwani hiyo haina mwenyewe. Hakuna kontena wala kadi ya mtandao inayoibeba. Ni namba iliyo kwenye kanuni za iptables (mfumo wa Linux wa kuchuja na kuelekeza pakiti), ambazo kube-proxy, programu ya Kubernetes, huzipanga ndani ya kila nodi: pakiti ikielekezwa huko, kanuni huibadilishia anwani iende kwa podi mojawapo. Kompyuta yako haina kanuni hizo.

Wengi hukimbilia NodePort, aina ya huduma inayofungua poti kati ya 30000 na 32767 kwenye nodi. Lakini katika kind, nodi yenyewe ni kontena la Docker! Poti imefunguka ndani ya kontena, ndiyo maana `localhost:30080` inakataa. Kwenye Linux utaifikia nodi kwa IP yake, maana daraja la mtandao wa Docker liko kwenye mashine hiyohiyo. Kwenye Mac, Docker Desktop huendesha makontena ndani ya mashine pepe, kwa hiyo hata IP ya nodi haifikiki. Maelekezo yaliyoandikwa kwa Linux pekee huwapoteza watu wengi hapa.

Dawa ya kudumu ni `extraPortMappings` kwenye faili la usanidi: `containerPort` 30080, `hostPort` 8080. Iweke kabla ya kuunda klasta, kwa sababu Docker huunganisha poti kontena linapoundwa. Ukisahau, futa klasta uanze upya.

Sasa, mbona `kubectl port-forward service/duka 8080:80` (tuseme huduma yako inaitwa duka) hufanya kazi papo hapo? Kwa sababu inapita njia nyingine. Seva ya API ya klasta, inayopokea amri zako za kubectl, tayari ina poti iliyofunguliwa kwenye 127.0.0.1; data husafiri ndani ya muunganisho huo hadi kwa kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye nodi, kisha kwenye podi. Kwa kuchungulia jambo haraka, mimi sioni njia bora zaidi. Ila usiitumie kupima mgawanyo wa mzigo: hata ukitaja huduma, huchagua podi moja tu, na podi hiyo ikifa, muunganisho nao unakatika.

Na huduma ya aina ya LoadBalancer, inayotakiwa kupewa anwani ya nje, ikibaki `<pending>`, haijaharibika. Inamsubiri mtoa huduma wa wingu ambaye hayupo kwenye kompyuta yako. Cloud-provider-kind, au `minikube tunnel` kwa wanaotumia minikube (zana nyingine ya kuunda klasta kwenye kompyuta), hushika nafasi yake.