Kwa Nini Maabara Wanataka Choo Kikiwa Bado na Joto?

Julai hapa Nairobi, asubuhi ikishuka hadi nyuzi 12 hivi, sampuli nyingi hutufikia zimepoa kama uji wa jana. Maswali haya huulizwa dirishani karibu kila siku.

Nimeharisha damu usiku kucha. Choo nilikichukua saa kumi na moja alfajiri, nikapanda matatu kutoka Kayole, nimefika saa mbili na nusu. Mbona mnataka kingine?

Pole sana. Daktari anashuku amiba, na huyo tunamtambua kwa mwendo wake. Ni kiumbe cha seli moja, hana miguu: husukuma sehemu ya mwili mbele kama kidole, kisha ute wa ndani ukafuata. Kwenye utumbo, penye nyuzi 37, hachoki. Nikipata choo kibichi naweka kidogo kwenye kioo na maji ya chumvi ya vuguvugu, na kwenye darubini namwona akitambaa, pengine tumboni ana chembe nyekundu za damu alizozimeza. Nikiziona hizo, shaka inapungua sana, maana yuko amiba mwingine anayefanana naye kama pacha na hana madhara.

Akipoa huzubaa, kisha husimama na kujikunja duara. Chembe nyeupe za damu, ambazo mara nyingi huwa tele kwenye choo cha aina hii, nazo ni za duara. Hapo nitamjua vipi? Ndiyo maana choo chepesi tunakitaka ndani ya nusu saa.

Baridi inamfanya nini hasa?

Mwendo unataka nguvu, na nguvu inatokana na kemikali zinazofanya kazi ndani ya seli. Joto likishuka, kazi hiyo inakwenda polepole. Utando unaomfunika nao una mafuta, na mafuta ya kupikia asubuhi ya Julai unayajua yalivyo.

Basi nikiweka kikopo karibu na jiko?

Usithubutu, utamuua. Mkojo ukiingia, vilevile. Njoo utumie choo cha hapa kliniki, hata kama ni aibu kidogo.

Kama baridi inamlemaza, maji ya friji ni salama?

Hapana, na wengi hukosea hapa. Anayetambaa ni dhaifu, akitoka nje hadumu. Anayeambukiza ni yule aliyejifungia ndani ya ganda: hatembei, na penye ubaridi na unyevu huweza kukaa majuma kadhaa. Huyo ndiye unayemmeza kwenye maji au kachumbari, na klorini ya kawaida mara nyingi haimwezi. Anayemweza ni moto. Kwa sababu ya mwinuko wa Nairobi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, lakini zinatosha. Yaache yatokote dakika nzima ndipo uepue, na barafu pia uitengeneze kwa maji hayohayo.